Usiteme Mate Majini

Dada yangu alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kila Jumapili akisonga ugali. "Sasa hiyo kazi ya kurushiana maji na watoto wa watu, kesho yake ni gani?"

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kitengela, yeye akishona nguo kiwandani Athi River, mimi nikifundisha kuogelea kwenye hoteli ndogo kando ya barabara ya Namanga. Nilikuwa nimeajiriwa pale kufua mashuka. Siku moja kofia ya mgeni ikapeperushwa na upepo ikaangukia katikati ya bwawa, nami niliyelelewa kando ya mto huko magharibi nikaifuata bila kufikiri. Mwenye hoteli alikuwa ameketi pale na chai yake. Kesho yake alinipa filimbi. Nikasomea cheti cha uokoaji Nairobi, nikarudi nikapaka kibao rangi kwa mkono wangu mwenyewe: USITEME MATE MAJINI. Kwa hicho kibao nilikuwa mkali kuliko polisi wa trafiki.

Watu walidhani ni mchezo. Mimi sikuwa nikicheza. Zilipokuja mvua za El Nino, machimbo ya mawe nyuma ya mji yalijaa maji, yakakaa hivyo miezi na miezi. Mvulana mmoja mchungaji aliteremka humo kumtoa mbuzi. Mbuzi alitoka. Nilikuwa kati ya waliokwenda kumtafuta yule mtoto, na ni mimi niliyempata. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, maana pale alipozama, mtoto anayejua kuelea angefika ukingoni bila shida.

Halafu mvua ikatususa. Mifereji ikakauka, boza la maji likawa la kubembelezwa, na mwenye hoteli akaacha bwawa likauke. Mbuzi wakazoea kulala ndani yake.

"Nitajaza kifusi hapo," akaniambia. "Niweke vibanda vya nyama choma. Nyama haitaki maji."

"Na mimi?"

"Si utachoma nyama?"

Wee! Nilimwangalia mpaka akashusha kikombe. Nikamwambia anipe mpaka shule zifunguliwe, nitamletea shule ya kuleta wanafunzi kila wiki.

Akacheka. "Hata moja tu, mwalimu. Ukikosa, lori linaingia."

Dada yangu alifurahi kusikia hivyo. Kiwandani walikuwa wanaandika watu. "Shule zikifunguliwa, Jumatatu hiyo hiyo twende pamoja," akasema. Nikamwambia wacha kwanza.

Nilizunguka shule za kibinafsi mpaka soli zikaisha. Mwalimu mkuu mmoja, mama wa maneno machache, akakubali kuja kuona Jumamosi ya mwisho wa likizo. Kuona nini sasa, na bwawa limejaa mbuzi? Nikaanza kufundisha bila maji. Watoto wa majirani walilala kifudifudi juu ya benchi za hoteli wakipiga miguu, kisha mmoja mmoja akaingiza uso kwenye karai na kutoa mapovu. Watu wakienda stejini kupanda matatu walinicheka, "Mwalimu wa kuogelea vumbi!" Nikawajibu kwamba mtaka cha mvunguni huinama, na sisi tuliinama kweli.

Katikati ya likizo alikuja nyanya mmoja Mmaasai, shanga mpaka kifuani, amemshika mkono mjukuu wake wa kike wa miaka saba hivi. "Takwenya, koko," nikamsalimu, maana kwa Kimaasai nyanya ni koko. "Iko," akaitikia. Nilimtambua. Ni yeye aliyekuwa ameketi juu ya mawe siku ile tuliyomtoa mvulana machimboni. Yule mvulana naye alikuwa mjukuu wake. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na hakukipoteza bure.

"Maji imechukua moja," akasema. "Huyu, hapana."

Mtoto alikuwa anaogopa hata karai. Kila asubuhi, kabla hajainama, koko alimtemea mate kidogo utosini. Siku ya kwanza filimbi ilikuwa tayari mdomoni mwangu.

"Ananibariki, ticha," mtoto akaniambia haraka.

Nikaishusha. Taratibu akaanza kuingiza kidevu, halafu pua, mwishowe uso mzima.

Jumamosi ikafika. Mwenye hoteli alikubali kununua maji kwa siku hiyo moja, bwawa likajaa nusu. Lakini langoni lilisimama pia lori, kifusi juu. "Nimeliita kabisa," akasema. "Sipendi kungojangoja."

Mwalimu mkuu alikuja na wazazi wachache, akina mama wanaofanya kazi Nairobi, na miwani yao ya jua. Watoto wangu wa benchi walishika ukingo wakapiga miguu, vizuri tu. Lakini yeye alitaka kuona mmoja akielea, na aliyekuwa ameweza kushika pumzi vizuri ni yule msichana peke yake. Alisimama ukingoni asiingie. Karai ni karai. Haya yalikuwa maji mengi, na maji mengi ndiyo yaliyomchukua kaka yake.

Ndipo koko alipotoka kivulini, akainama mbele ya wageni wote, akanong'ona jina la Enkai, Mungu wa Wamaasai, akatemea bwawa.

Mama mmoja akaruka. "Haki ya Mungu! Ametema mate kwa maji! Mtoto wangu aingie hapo?"

Mikoba ikaanza kuokotwa. Mwenye hoteli alinionyesha kwa kidole kile kibao changu, halafu akageuka kumtazama dereva wa lori.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, na nilijua kazi yangu yote iko kwenye neno nitakalolisema. Basi sikusema. Nilishuka majini, nikaenda mpaka pale pale mate yalipoangukia, nikachota kwa viganja viwili nikanawa uso. Kisha nikazamisha kichwa kizima nikatoa mapovu kama ya karai. Nilipoinuka nikamnyooshea mtoto mikono.

"Njoo. Koko ameshayabariki."

Akaja. Alinikaba shingo nusura anizamishe. Nikamlaza polepole, mkono wangu chini ya tumbo lake. Kidevu, pua, uso. Mapovu yakatoka. Nikauondoa mkono. Maji yakambeba, mikono yake ameitandaza, hapigi teke wala hatapatapi. Koko alishika pumzi pamoja naye, na hakuitoa mpaka mtoto alipoinua kichwa akacheka.

"Kwa nini alitema?" mwalimu mkuu akaniuliza.

Nikamweleza habari za baraka, na za yule mvulana. Alimwangalia koko. "Darasa la kwanza na la pili," akasema. "Kila Alhamisi."

"Lakini dawa ya maji mmeweka?" akauliza mama wa miwani.

"Nimeweka, mama. Nyingi."

Jumatatu dada yangu alienda kiwandani peke yake. Swali lake hakuliacha, na simlaumu. Mwalimu wa kuogelea hana pensheni, na mvua ikigoma hana kazi. Lakini kila nilipotembea kando ya barabara ile niliona shule mpya inawekewa msingi, na nyuma ya mji shimo jipya linachimbwa kutoa mawe ya kuijenga. Mvua hurudi, mashimo hujaa, na watoto huteremka. Hiyo ndiyo kesho ya kazi yangu, nami sikuona nani mwingine angeifanya. Miaka iliyofuata nimefundisha mpaka Kajiado mjini. Kibao changu bado kiko pale hotelini, ila koko alipokuja kuyabariki maji siku ya kwanza ya muhula, mimi niliangalia kando.

Jumamosi ile yenyewe haikuishia bwawani. Mwenye hoteli alibaki na lori zima la kifusi. "Sasa hii nitapeleka wapi?" akalalamika. Nikamwambia mahali napajua. Nikapanda mbele na dereva, koko na mtoto katikati yetu, tukaenda mpaka machimbo yale. Yalikuwa yamekauka kabisa, udongo umepasuka chini. Kifusi chetu hakikujaza hata kona moja, lakini kiliziba ile njia ambayo mbuzi walikuwa wakiteremkia. Koko alisimama akitazama mpaka vumbi likatulia. Kisha akaja kwangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakiinamisha, akanitemea mate kwenye paji la uso.

Sikujipangusa.