Kitambaa cha Maziwa na Sukari

Fundi yule watu walimwita Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata akienda msibani. Kwa miaka arobaini alishonea katika chumba kimoja cha mbele, cherehani mlangoni, vitambaa ukutani, benchi la wateja katikati. Shule aliishia darasa la nne, lakini kitambaa alikijua kuliko wengi wanavyowajua wake zao.

Binti yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na kisomo kilikuwa bado kinamwasha. Jumamosi moja alimkuta baba yake amewakunjulia wateja kitambaa chepesi cha mistari, mmoja laini, wa pili umejikunjakunja.

"Hiki ni *seersucker*," Futi akawaambia. "Asili yake neno la Kiajemi, maziwa na sukari. Huu laini ndio maziwa, huu wa kukwaruza ndio sukari. Waingereza walilikuta kwa Wahindi, wakalichukua."

"Baba nawe!" Mwalimu akacheka. "Kiingereza niachie mimi, wewe shika vifungo vyako."

Benchi zima likaangua kicheko. Futi naye akacheka kidogo, akakikunja kitambaa. Tangu siku ile hakueleza tena asili ya kitu chochote. Mteja akiuliza, alijibu, "Kizuri tu, hakichuji."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ila aliyejikwaa ulimi mara nyingi haumii yeye. Mwalimu hakuona kitu. Miaka sita ikapita, macho ya Futi yakagoma kutunga uzi, chumba akapewa muuza simu. Ndipo siku moja, akitafuta neno jingine katika kamusi kubwa ya maktaba, Mwalimu akaangukia lile. Kiajemi, kupitia India. Maziwa na sukari. Aliona haya peke yake kati ya rafu.

Jioni alimfuata baba yake jikoni, alikokuwa akimenya vitunguu, akamweleza yote kwa sauti ya chini, mama asisikie.

"Nisamehe, baba. Ulisema kweli tupu."

"Nilishakusamehe zamani, mwanangu." Akaendelea kumenya. "Lakini ulinicheka mbele za watu. Mbona radhi unaniomba jikoni?"

Wale wa benchini wengine walishahama, wengine walishakufa, na waliobaki, wakimtaja Futi, humtaja kama yule fundi mwongo.