Harusi Iliyotoka Sauti Tu

Mimi ni mtu wa haya, ndiyo maana napenda kujificha nyuma ya kamera. Nilirekodi harusi ya jirani yetu hapa Kashebere. Mama wa bibi harusi hakufika; vita vilikuwa vimefunga barabara ya Bihambwe. Ili aone kila kitu vizuri, nikachagua kodeki kubwa kuliko zote, yaani namna kamera inavyobana picha.

Barabara ilipofunguka akaja, akaketi mbele kabisa kwenye sale ya video, yaani ukumbi wa kuonyeshea filamu. Nikabonyeza. Giza tupu! Mashine ile ya kijinga ya kuchezea video haikuweza kufungua kodeki yangu, ikatoa sauti tu.

“We kijana, mutoto wangu iko wapi?”

“Mama, vumilia kidogo,” nikasema, nikibonyeza hovyo huku jasho likinitoka.

Nilisahau kwamba nikirekodi huwa ninanong’ona peke yangu, mdomo karibu na kamera. Sauti yangu ikajaa sale, ikaishinda hata kwaya: “Bibi harusi iko muzuri, lakini mudogo yake njo ananimaliza. Neema, geuka basi nikuone.”

Neema alikuwa ameketi kando ya mama yake.

Akageuka.