Mshubiri wa Baba

Nilipokuwa mtoto pale Mbotela, miaka ya tisini, uhai wa baba yangu ulikaa ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Alikuwa ameupanda mshubiri humo, akauweka dirishani, kisha akaenda Mombasa kutafuta kazi. Barua zikaja mbili, zikakatika. Kukhu, mama yake baba, aliyetoka Bungoma kukaa nasi, akaniambia: "Mjukuu wangu, huo ukinyauka, ujue aliyeupanda yuko mahututi."

Hayo si maneno ya kumwambia mtoto wa miaka tisa.

Sikutulia tena. Kunyauka, nilivyojua mimi, kunaletwa na kiu. Basi niliumwagilia kabla ya shule, nikaumwagilia nikirudi, na siku mfereji ulipokauka mtaa mzima, nilikwenda darasani bila kunawa uso ili mshubiri upate chake. Kopo halikuwa na tundu hata moja. Mama alikataa litobolewe, eti litachafua ukuta.

"We Nafula," jirani yetu Mama Asha aliniuliza, "huo ni mmea ama ni bata?"

Sikucheka.

Wiki ya tatu majani yalilegea, yakawa rangi ya chai. Nilipougusa, uling'oka mzima mkononi, shina likinuka. Nilimkimbilia Kukhu nikilia kwamba nimemuua baba.

Aliunusa. "Mimi nilisema kunyauka," akasema. "Huu umeoza. Kuoza sikusema."

Mama, aliyekuwa akichagua mchele, akacheka, kicheko kisicho na raha. "Mwambie basi, Mama. Mwambie mtoto."

Kukhu akatazama sakafu.

"Baba yako ni mzima kabisa," mama akasema. "Ameoa huko Changamwe. Nyanya yako anajua, na mimi najua."

Kwa miaka mingi nilimhesabu Kukhu kuwa mwongo, na bado sijamwondoa kabisa kwenye orodha hiyo. Lakini nadhani kumwita mwanawe mgonjwa kulikuwa kwepesi kuliko kutaja aibu yake mbele ya mkewe. Hilo naweza kulisamehe. Kinachonikosesha raha mpaka leo ni changu mwenyewe: kati ya yote aliyosema mama, nilisikia neno moja tu, mzima. Nikaruka, nikamkumbatia kwa furaha, naye ameketi na ungo magotini, mchele ukimwagika.