Sachet ya Noella

Noella haoni haya kusema haelewi. Sisi wengine somo likitushinda tunavaa uso wa kuelewa, tunatikisa kichwa na kusubiri kipindi kiishe. Yeye ananyoosha mkono. Mwalimu anaeleza, Noella anashusha mkono, anafikiri kidogo, kisha ananyoosha tena. Mimi ninayekaa naye chumba kimoja hapa Rugenge, mjini Uvira, nimemwambia mara nyingi kwamba anatuchelewesha. Ananijibu kwa upole kwamba na yeye anachelewa, tena kutushinda sisi.

Kwao ni Rurambo, juu milimani, kwa wafugaji wa ng'ombe. Aliuguza wazazi wake kwanza, mmoja baada ya mwingine, ndipo akateremka kujiunga na shule yetu ya uuguzi akiwa mtu mzima tayari. Joto la ziwani bado linamtesa, na Kiswahili chetu cha haraka humpita mara nyingine. Lakini hakati tamaa. Mimi ningekuwa nimesharudi kwa ng'ombe zamani.

Somo lililompiga chenga kuliko yote lilikuwa lile la maji na chumvi za mwili. Mwalimu alitueleza kwamba maji ya mwili yamegawanyika, mengine yako ndani ya seli, mengine nje yake, na chumvi ndiyo inayoamua yakae wapi. Chumvi ikizidi nje, huyavuta maji ya ndani, na seli hubaki zimesinyaa. Nilikariri, nikapata alama zangu, nikasahau. Noella alining'ang'ania nalo hadi jikoni.

"Laurette, kama maji iko mu mwili, haijatoka, mutu anasikia kiu juu ya nini?"

"Kariri tu, yaya," nikamwambia, maana kwa umri ni dada yangu mkubwa, huku nakoroga bugali. "Utaelewa mbele."

"Nitakariri kitu sikielewe?"

Tulipopelekwa kufanya mazoezi kwenye kituo cha afya cha mtaani, mvua zilikuwa zimeanza na kuhara kumeenea. Muuguzi mkuu wa kituo, Cyprien, mtu mwema lakini mwenye haraka ya moto, alimpa Noella kazi ya kuwafundisha akina mama waliokaa kwenye benchi namna ya kutengeneza dawa ya kuhara, ule unga wa chumvi na sukari unaofungwa kwenye pakiti ndogo ambayo kwetu inaitwa sachet. Alifundisha vizuri, mimi nilimsikia. Unapasua sachet moja, unamimina kwenye litre moja ya maji safi, unamnywesha mtoto polepole.

Mapendo alifika mwishoni, mafunzo yakielekea kuisha, mwanawe Jeancy amelegea mgongoni. Mtoto huyo alikuwa ndio kwanza ameanza kutembea. Noella alimpa sachet zake, akamrudia maneno kwa kifupi, sachet moja, maji safi, polepole, kwa sababu Cyprien alikuwa anamwita.

"Bomba yetu haitoke maji," Mapendo akasema. "Na ya ziwa ninaogopa. Ile ya sachet, inafaa?"

Noella alifurahi kusikia swali la mama mwenye akili. Maji ya kunywa yanayouzwa barabarani, yale ya kwenye mfuko mdogo wa plastiki ambao unauma kona na kufyonza, nayo tunayaita sachet.

"Njo ile, mama," akamkubalia. "Ile njo maji safi."

Kesho yake asubuhi Mapendo alirudi mbio, na nyuma yake bibi ya mtoto, koko Pétronille, akipiga kelele tangu mlangoni. Jeancy alikuwa analia kwa sauti iliyokauka, kali, isiyonyamaza hata akibebwa. Mikono ilikuwa inamrukaruka. Akiona kikombe chochote anakirukia.

Ajabu ni kwamba kuhara kulikuwa kumepungua sana. Tena, mama alisema, amekunywa dawa kwa hamu tangu jana. Cyprien alifinya ngozi ya tumbo, nasi tukainama kuangalia. Tulifundishwa kwamba aliyekaukiwa maji ngozi yake huchelewa kurudi. Hii ilirudi mara moja, ila ilikuwa laini ajabu kama donge la bugali.

"Ngozi inarudi," Cyprien akasema. "Na anakunywa. Sasa hii kiu inatoka wapi?"

Nilipekua dalili zote nilizokariri, ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna iliyolingana na mtoto aliyekuwa mbele yangu. Koko Pétronille alikuwa na jibu lake tayari, dripu ya mshipani.

"Mumuwekee serumu! Munangojea nini? Kila mutu anajua serumu njo inaponyesha!"

Ndipo Noella akafanya lile lile ninalomkasirikia kila siku. Aliuliza.

"Mama Jeancy, minye sielewe. Unionyeshe vile unamupatia ile dawa."

"Vile ulisema," Mapendo akajibu, amekwishaudhika. Alitoa kwenye kikapu mfuko wa maji wa plastiki uliong'atwa kona na kufungwa kwa uzi. "Hii amebakisha. Anafyonza yeye mwenyewe, kama titi langu."

Noella alidondosha tone mkononi, akalionja. Uso wake ulijikunja wote.

"Mama, umetia sachet ngapi humu?"

"Moja. Sachet moja mu sachet moja. Si weye njo ulisema?"

Mfuko ule haujazi hata nusu ya litre. Mama aliyetii kila neno, aliyeogopa maji ya ziwa na kununua yaliyofungwa, alikuwa amemnywesha mwanawe chumvi tangu jana, na kila alipolia kiu alimwongezea nyingine.

Cyprien alimpigia simu daktari wa hospitali. Akarudi kwetu akizungumza kwa sauti ya chini, jambo ambalo si kawaida yake. Chumvi imejaa kwenye damu, inayavuta maji kutoka ndani ya seli, hata zile za ubongo, ndiyo maana ngozi inadanganya na mtoto anahangaika. Lakini asimwagiwe maji kwa pupa. Yakirudi haraka, ubongo utavimba, na hapo atapata degedege au atatuponyoka kabisa. Apewe dawa iliyochanganywa sawasawa, kijiko kwa kijiko, siku nzima. Akibadilika tu, akimbizwe hospitali.

Nani angemweleza hayo koko Pétronille?

"Mutoto iko anakufa na kiu, na nyinye munamupimia na kijiko? Hii ni masomo gani?"

Mapendo alijaribu. Alimpa kijiko kimoja, Jeancy akakimeza na kuushika mkono wake kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akiomba kingine. Mapendo alishindwa. Alisimama, akamweka mtoto mapajani kwa Noella.

"Weye umunyweshe. Minye siwezi kumunyima mwanangu maji."

Akaenda kukaa pembeni, uso ukutani.

Basi ikawa kijiko, kusubiri, kijiko. Jeancy alimpiga Noella kifuani, alimkwaruza, aling'ata kijiko na kukataa kukiachia. Noella alikitoa polepole, akachota tena.

"Laurette," akaninong'oneza, "nikimupa kidogo ninamutesa. Nikimupa mingi ninamuua. Na minye njo nilimufikisha hapa."

"Fuata dakitari," nikamwambia. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpigia kelele kwa kulitumia neno lile, na mimi mwenyewe nalitumia kila siku kwa vitu vyote viwili.

Mchana koko Pétronille alimsogelea, ameficha kikombe kilichojaa maji chini ya kitenge. Noella alikiona. Alikifunika kwa kiganja, bila ukali.

"Koko, unihurumie. Nakuomba."

"Weye uko na mutoto?"

"Sina, koko."

"Njo maana."

Nilidhani Noella atavunjika pale pale. Alichota kijiko kingine. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, nasema kweli.

Baadaye kelele zilikoma, Jeancy akafumba macho. Noella alimtikisa kwa hofu hadi akaamka na kumkasirikia, na hiyo hasira ilitufurahisha sote. Mikono yake haikuwa inarukaruka tena. Kilichobaki, Cyprien alituambia, ni mkojo. Nepi ilikuwa kavu tangu alipofika, na mwili usiotoa maji bado unajibania. Tukamvua nepi ili tusiongopewe, tukangoja. Mapendo alikuwa ukutani bado. Koko Pétronille alikuwa amechoka kutugombeza, anasali kwa sauti ndogo.

Jua lilikuwa limehamia upande wa milima nilipoona Noella ameacha kuchota. Aliangalia chini. Blauzi yake nyeupe, ile aliyoipiga pasi asubuhi kwa ajili ya kituo, ilikuwa inabadilika rangi tumboni, kisha sketi, kisha matone yakaanza kugonga sakafu.

"Anakojoa!" koko Pétronille akapiga kelele. "Mama Jeancy, mutoto iko anakojoa!"

Mapendo aligeuka. Alitembea hadi pale, akasimama mbele ya Noella, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. Akanyoosha mikono.

"Muganga, mulete," akasema. "Iko anakulowesha yote."

Noella hakusogea, alimkumbatia mtoto vilevile, na yeye pia alikuwa analia.

"Acha kwanza, mama," akamwambia. "Acha amalize."