Asubuhi Darasani, Alasiri kwa Fundi Athumani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kugusa cherehani. Fundi Athumani alinipa sindano, uzi na kipande cha marekani, kile kitambaa rahisi cha pamba, akaniambia nikunge upindo, yaani nikunje ukingo wa kitambaa na kuushona usifumuke. Nilipomaliza aliutazama, akaufumua wote, akanirudishia. Nikaanza upya.

Nilikuwa nimefika Kitui muhula uleule, kutoka Kasikeu, kusomea ualimu katika chuo kipya kabisa. Miaka ya hamsini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Rangi ya milango ilikuwa bado inanata mikononi, na madirisha ya bweni letu tuliyaziba kwa magunia. Asubuhi tulisoma. Mchana tulikula isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kisha tukabeba mawe ya kujengea madarasa ya wenzetu wa mwaka uliofuata. Karo ya mwaka wa kwanza baba aliilipa kwa ng'ombe. Ya mwaka wa pili haikuwa na ng'ombe.

Ndiyo sababu nilikwenda kwa Mkuu wa Chuo kuomba ruhusa ya kufanya kazi mjini alasiri. Alikuwa Mzungu mrefu, aliyesema Kiswahili polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Musyoka," akasema, "umekuja hapa kuwa mwalimu. Somo likianguka, kazi imekwisha."

Fundi Athumani alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Kitui. Babu yake ndiye aliyekuja na biashara kutoka pwani. Kikamba chake kilikuwa safi kuliko Kiswahili changu, kwa hiyo tulikubaliana kwamba nikiwa kazini nisiseme Kikamba, ili Kiswahili changu kinyooke. Nilijifunza kupiga bandi, ule mshono wa muda unaoshika vipande viwili kabla ya cherehani kupita. Nilijifunza kuvaa subana, kofia ndogo ya chuma inayokinga kidole na sindano. Baadaye sana niliruhusiwa kukanyaga cherehani. Pasta wetu wa Kasikeu alituma mtu kuniuliza kama nitalazimishwa kufunga Ramadhani. Nilipomweleza Fundi, alicheka, akamwita mkewe, Mama Zuhura. Tangu siku hiyo, mfungo wote, Mama Zuhura aliniwekea chai na muhogo saa kumi, nyumbani kwake, mezani, nile kwa raha wala si kwa kujificha.

Chuoni nilikuwa na Mwalimu wa Mazoezi, aliyetufundisha kuandika andalio la somo: utaanza na nini, watoto watafanya nini, utajuaje kwamba wameelewa. Baada ya hapo lilikuja somo la majaribio. Unasimama mbele ya watoto wa kweli katika shule ya jirani, na wakubwa wako wanakaa nyuma ya darasa, kimya. Langu lilipangwa Jumatatu, katika wiki ya mwisho ya Ramadhani.

Ijumaa kabla ya hapo, kifuniko cha pasi ya makaa kilifunguka na makaa yakamwangukia Fundi mkono wa kulia. Nilipofika Jumamosi nilimkuta amefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko. Nyuma yake kanzu na magauni ya Idi yalikuwa yamerundikwa, mengine yamekatwa tu. Wenye nguo walikuwa wanapita barazani wakimpa pole, na hakuna aliyeuliza habari ya nguo yake. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

Nilirudi chuoni kumwomba Mkuu siku ile yote na Jumapili baada ya ibada. Aliniuliza kama nimeandaa somo langu. Nikasema bado.

"Nenda," akasema. "Lakini Jumatatu nitakuja mwenyewe, na sitakuhurumia."

Mwenzangu Kilonzo, ambaye kitanda chake kilikuwa karibu na changu, alisikia. Alasiri ile alitokea dukani na nusu ya darasa letu. Vijana hao wa kanisani walikaa barazani, wakakunga pindo na kutia vifungo, huku Fundi akizunguka na mkono wake kifuani, akifumua kazi za watu kama alivyofumua yangu. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Jumapili jua lilipotua, hakuna nguo iliyobaki.

Jumatatu somo langu lilianguka. Nilikuwa nifundishe kugawanya, na sikuwa na andalio. Nilisema nilichokumbuka, nikakisema tena, kisha maneno yakaniishia. Watoto walinitazama kwa huruma, jambo ambalo mwalimu hapaswi kuliona. Mkuu alitoka kabla ya kengele.

Baada ya Idi, Fundi Athumani alikuja chuoni, amevaa kanzu, mkono bado umefungwa. Nilidhani amekuja kuniombea. Mkuu aliniita nami nisikie.

"Bwana Mkuu," Fundi alisema, "sikuja kuomba alama. Nimekuja kumwachisha kazi kijana huyu mpaka somo lake lisimame. Cherehani itamngoja. Watoto hawatamngoja." Kisha akanigeukia. "Alasiri zako njoo hivyohivyo, mwanangu, lakini uje na andalio."

Basi alasiri zangu nilifundisha kugawanya mbele ya fundi mmoja, Mama Zuhura na wateja waliokuwa wakisubiri. Fundi alikuwa mwanafunzi mgumu. Akiona nimeruka hatua, alikunja uso na kusema hajaelewa, mpaka nirudie kwa njia nyingine. Niliporudia somo la majaribio, Mkuu alikaa mpaka kengele ikalia. Mlangoni akaniambia, "Sasa nenda kashone."

Nilimaliza chuo, nikapangiwa shule ya Kabati, kisha ya Kyuso. Nilikuwa Kyuso lori la mizigo liliponiletea habari kwamba Fundi Athumani amefariki. Nilifika Kitui wameshamzika, maana kwao maiti hailazwi. Nilisimama uani pamoja na majirani, nisijue nafasi yangu ni ipi. Mama Zuhura aliniona. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye mkeka ambapo wanawe walikuwa wamekaa kupokea rambirambi, na kumwambia mkubwa wao asogee.

"Kaa hapa na ndugu zako," akasema.

Baada ya hapo nimefundisha chini ya wakuu wengi na kukaguliwa na wakaguzi wakali, mpaka nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu hapa kwetu Kasikeu. Walimu vijana hunitembelea wakiwa na shida za darasani, na wengi huogopa kukaguliwa. Nawasikiliza. Wakimaliza, nawaambia wanifundishe mimi lile somo linalowatisha, palepale, na wanaporuka hatua nakunja uso na kusema sijaelewa.