Vidonge Vinne Kabla ya Kwaya

Aibu hii nimeificha miaka, hata mume wangu alisimuliwa nusu tu, lakini kwa kuwa hapa tuko wanawake watupu acha niseme: yule mwimbaji aliyekimbia katikati ya wimbo kule Masukulu ni mimi.

Tangu nimzae Tumaini nilikuwa sipati choo. Siku tano, wiki, tumbo gumu kama ngoma, na mapapai nimekula mpaka nikayachukia. Mwishowe nikaenda kwa daktari hapa Tukuyu (nilijifanya naumwa kichwa mpaka nesi alipotoka), naye akanisikiliza bila kucheka, akaniandikia dawa ya maji ya kulainisha choo, ya kila siku, akasema haina haraka, inachukua siku mbili tatu. Akanipa na vidonge vya kuamsha utumbo, nimeze kimoja tu hali ikiwa ngumu, na hivyo vikigoma nirudi kwake, dawa nyingine zipo, ila nisijiongezee mwenyewe.

Siku ya tatu ikawa Jumamosi, kesho yake kwaya yetu imealikwa Masukulu, mwanzishaji wa wimbo ni mimi, na sare ya kitenge ilishonwa kabla tumbo halijavimba. Zipu haikupanda. Basi jioni nikameza vinne. Asubuhi kimya, nikapiga na mafunda ya ile dawa ya maji, chupani moja kwa moja.

Ubeti wa pili, kipaza sauti mdomoni, tumbo likanguruma na kanisa zima likasikia. Mwalimu wa kwaya akadhani ni spika, akaigongagonga. Mimi nikauacha wimbo hewani, nikatoka mbio, nikafika chooni nikakuta kufuli. Kule ndani mama mkwe wangu akasimama, akauliza kwa sauti yake ya shambani, "Mzee wa kanisa, ufunguo wa choo uko wapi? Mkwe wangu tumbo limemshika."

Mpaka ufunguo upatikane nilikuwa kwenye migomba, na sare ilikuwaje msiniulize.

Mama mkwe alinikuta nimechuchumaa nalia. Akaleta ndoo ya maji, akaninawisha kama mtoto, akavua khanga yake ya juu akanifunga. Nikamweleza yote, vidonge na chupa. Akasema polepole, "Mwanangu, hata mimi. Tangu nimzae mume wako. Kumbe inatibiwa?"

Jumatatu tukaenda kwa daktari wote wawili. Mimi nikasemwa, nikarudishwa kwenye kipimo changu. Yeye kwa umri wake akapimwa kwanza, kisha akaandikiwa dawa ya unga ya kuchanganya na maji. Na tangu siku hiyo sijaongeza hata tone nisiloandikiwa, wala sitaongeza.

Lakini siku zilizofuata nazikumbuka kwa hamu, jamani. Kila asubuhi tulikaa barazani kwangu, mtaa wa Bagamoyo hapahapa Tukuyu, ukungu haujapanda, kila mtu na dawa yake, na kabla ya salamu yoyote alikuwa ananiuliza, "Leo umepata?" Nikisema nimepata, anaitikia "Ndaga," anashukuru kama nimemletea zawadi.

Ametutoka mwaka juzi. Siku hizi watu wengi hunisalimu asubuhi, na wote nawajibu sijambo.