Binti Hakuulizwa

Ukitaka kununua nyumba hapa Mangobo, nitakupa ushauri bure, maana Rosine ameshaulipia. Wakusanye wote waliozaliwa na mwenye nyumba, wa kiume na wa kike, walio mjini na walioolewa mbali. Asipotokea mmoja, funga mkoba wako urudi ulikotoka.

Rosine hakuwa mjinga. Miaka kumi na minane aliuza chikwangue sokoni, mihogo ile ya kufungwa majani, huku akipanga vyumba vinavyovuja kwa watu wa kumpandishia kodi kila wanapojisikia. Alipopata nyumba hii ya marehemu seremala, alikwenda kwa utaratibu. Alikuja mara mbili mvua ikinyesha, aone maji yanapita wapi. Aliuliza majirani, mimi Hadidja, rafiki yake wa sokoni, nikiwa wa kwanza. Alidai fiche ya parcelle, ile hati ya kiwanja, akaisoma herufi kwa herufi, akaipeleka kwa mkuu wa mtaa. Wana wawili wa marehemu, Sébastien na Josué, walikuja na kalamu mkononi.

"Na dada yenu?" aliuliza.

Sébastien akacheka. "Daniella? Ule iko Bengamisa, aliolewaka. Mwanamuke akisha kuolewa, iko ya kwa bwana yake. Donc mama, usiogope."

Rosine akanitazama mimi, shahidi wake. Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa: binti akitoka na sanduku lake, ametoka. Tukatia sahihi. Mpaka leo mkono huu unanichukiza.

Rosine alibadilisha mabati yote, akapaka chokaa, akapanda matembele nyuma. Asubuhi nilimsikia akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya, nikimtania kwamba atawafukuza malaika. Majuto ni mjukuu, husema watu, lakini yetu hayakungoja wajukuu. Yalikuja baada ya miezi saba.

Daniella alishuka kwenye pikipiki na watoto wawili na bunda moja la nguo. Mumewe alikuwa amekufa, wakwe wakamtoa. Aliona mabati mapya, akakaa chini pale pale mlangoni.

"Mama, miye niko mutoto ya mwenye alijenga iyi nyumba," alisema. "Nani alikuambia asema niliisha kufa?"

Akaipeleka kesi mahakamani. Mahakama ikaamua: binti naye ni mrithi, na bila yeye mauzo yale hayakuwa kitu. Pesa za Rosine zilikuwa zimekwisha kuliwa, na Sébastien ameshashuka mto kwenda Kinshasa. Wakili akamshauri Rosine akate rufaa, au walau ang'oe mabati yake. Mimi nilitaka ang'oe hata misumari.

Alikataa. Siku ya kuhama ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulijua miaka yote ya urafiki wetu. Nyumba ya baba yake, kule Yangambi, kaka zake waliiuza bila kumwuliza. Wakati ule alikuwa ameolewa.

"Nililia mwaka muzima, ma Hadidja," alisema. "Na ule mwanamuke nilimufanyia kitu ile ile. Nilijua, na nilimufanyia."

Akamkabidhi Daniella funguo, akamwonyesha dirisha linalokwama. Kisha akajitwika sufuria yake kubwa, akatoka. Mimi nilibaki uani nikilia, sikuwa na uso wa kumfuata.